Karata na Mjomba: Nusu ya poti si ushindi

Barua za mwezi huu zimeegemea upande mmoja. Watu wanahama hold'em, ile poka ya karata 2 mkononi, na wengi wanahamia Omaha ya juu na chini, poka ya karata 4, ambayo wachezaji huiita hailo. Nimechagua tatu. Ndefu nimezifupisha, na majina nimeyaacha.

Shikamoo Mjomba. Mimi ni kijana wa Morogoro, niko San Jose, California, naendesha lori la kusambaza mizigo. Nimecheza hold'em tangu nifike huku, kwanza nyumbani kwa jamaa, baadaye kwenye vyumba vya karata. Sijisifu, ila nilikuwa sipotezi. Siku hizi meza za hold'em zimejaa vijana wenye hedifoni, hawasemi neno, kila mmoja kama yuko kwenye mtihani wa taifa. Pembeni kuna meza ya wazee wanacheka, wanakunywa supu, wanacheza hailo ya dola 4 na 8, yaani dau la 4 duru za mwanzo na 8 duru za mwisho. Nikahamia. Mjomba, napata karata nzuri kuliko wakati wowote, na pesa zinaisha. Juzi nilishika ree ya shupaza, kingi ya uru, kingi ya pau na mbili ya kopa. Mezani zikaja malkia, jeki, saba na tano, zote shupaza, pamoja na tatu ya uru. Tukabaki wawili. Mzee akafunua sita na nne za shupaza na takataka mbili. Nikamwonyesha ree yangu. Mgawaji akasema sina flashi, yaani karata 5 za aina moja, kama shupaza tupu. Nikatupa karata kifudifudi kwa hasira, mzee akasomba kila kitu. Usiku huohuo nikapata ree na mbili, nikawa na mkono bora kabisa wa chini, nikapandisha dau kila nilipopata nafasi, na mwisho nikarudishiwa pungufu ya nilichoweka. Mtu anashindaje huku anapoteza? Nirudi hold'em? — Dereva, San Jose

Marahaba mpwa wangu. Kaa kwanza, kwa sababu nina habari itakayokuuma: mkono ulioutupa kwa hasira ulikuwa na nusu ya poti.

Poti ni pesa zote zilizorundikana katikati ya meza, na kwenye hailo nusu yake ni ya mkono bora wa juu, nusu ni ya mkono bora wa chini. (Na ninyi wasomaji wa Kenya, hapa sizungumzii ile poka ya kusema "niko kadi". Hiyo nayo siku yake itafika.)

Mgawaji alisema kweli, flashi hukuwa nayo. Kwenye hold'em unapewa karata 2, mezani zinafunuliwa 5, na mkono wako wa karata 5 unauunda utakavyo: tumia zako zote mbili, tumia moja, au usitumie hata moja. Omaha unapewa 4, na sheria yake haina mjadala: 2 kutoka mkononi, 3 kutoka mezani. Si moja, si tatu. Wewe ulikuwa na shupaza moja tu. Hata mezani zingekuwa shupaza 5, ree yako ingebaki pambo. Mzee alikuwa nazo 2, akachukua 3 za mezani, flashi yake ikatimia. Upande wa juu ulikuwa wake halali.

Tuje upande wa chini. Mkono wa chini ni karata 5 tofauti, zote za 8 kushuka. Ree huhesabiwa 1. Mfuatano au flashi haviuharibu. Wewe unatoa ree na mbili, mezani unachukua tatu, tano na saba. Una 7-5-3-2-1. Mzee anatoa sita na nne, anachukua hizohizo tatu za mezani: 7-6-5-4-3. Mikono ya chini tunaisoma kuanzia karata kubwa kwenda ndogo, na njia rahisi ni kuisoma kama namba moja. Wako ni 75,321. Wake ni 76,543. Namba ndogo ndiyo inayoshinda. Nusu ya poti ilikuwa yako, ukaitupa mwenyewe, na karata zikishaingia kwenye rundo la zilizotupwa, hakuna mgawaji anayeruhusiwa kukusomea.

Dawa ni moja, na haihitaji akili nyingi. Dau la mwisho likishalipwa, laza karata zako zote 4 wazi, ondoa mkono, nyamaza. Karata zinajisemea zenyewe. Nimegawa karata kwenye vyumba vya California kwa miaka mingi, na hold'em ndiyo inayowafundisha watu tabia ya kuonyesha karata moja kwa mbwembwe na kuificha nyingine. Kwenye hailo mbwembwe hizo zina gharama. Nimeona watu wakisukumiwa nusu ya poti ambayo hawakujua kuwa ni yao, kwa sababu tu walizilaza zote wazi.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya niichague barua hii. Unashindaje huku unapoteza? Tuhesabu kwa pesa, maana maneno hapa hayatoshi.

Mko watatu mpaka mwisho. Kila mmoja ameweka dola 40. Poti ni 120. Mmoja ana upande wa juu, anachukua 60. Wewe una ree na mbili, mkono bora wa chini, lakini yule wa tatu naye ana ree na mbili. Mnagawana zile 60 zilizobaki. Unapata 30. Umeweka 40, umepata 30, na kila mtu mezani anakuambia hongera. Na kila ulipopandisha dau, ulikuwa unaongeza hasara yako mwenyewe. Mngekuwa wanne, poti ingekuwa 160, robo yake 40, umerudishiwa chako. Mpaka mfike watano ndipo robo inaanza kukupa faida, dola 10, na chumba hakijakata ada yake.

Ree na mbili ni karata ambazo kila mtu anazing'ang'ania kwenye mchezo huu. Kwa hiyo usidhani uko peke yako nazo. Ukiwa na mkono bora wa chini na huna lolote upande wa juu, na mmebaki watatu, fuata dau tu. Usipandishe. Mtu wa hold'em hili linamkera, kwa sababu amezoea kwamba mwenye mkono usiopigika hupandisha hadi mwisho. Hapa mkono usiopigika wa upande mmoja unaweza kukutia umaskini polepole.

Na hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Watu hudhani kusomba poti yote ni mara mbili ya kupata nusu. Sivyo. Rudi kwenye watatu walioweka 40 kila mmoja. Ukipata nusu, unashika 60, toa 40 zako, faida ni 20. Ukisomba yote, unashika 120, toa 40, faida ni 80. Hiyo ni mara nne. Mkiwa wanne, nusu inakupa faida ya 40, poti nzima inakupa 120, mara tatu. Mkiwa wawili tu, nusu inakupa sifuri. Ndiyo maana hailo haichezwi kwa ajili ya nusu. Unaingia na karata zinazoweza kuchukua pande zote mbili, na nusu ikija unaipokea kwa heshima, lakini hukuifuata hiyo.

Ukilielewa hilo, uchaguzi wa karata za kuanzia unajipanga wenyewe. Karata bora kuliko zote ni ree mbili, mbili na tatu, na kila ree iwe na mwenzake wa aina yake, mathalani ree na tatu za kopa, ree na mbili za pau. Zina upande wa chini, zina jozi kubwa, zina njia mbili za flashi ya juu kabisa. Hutazipata kila siku. Ree, mbili, tatu na kingi, ree ikiwa aina moja na mojawapo ya wenzake, ni mkono ninaoupenda hata kuutazama. Kingi, malkia, jeki na kumi nao unachezeka, kwa sharti kwamba karata 3 za mwanzo zikija ndogo unautupa bila huzuni. Karata za mezani zikiwa kubwa hakuna mkono wa chini, na mwenye juu anachukua yote.

Sasa zile unazozipenda kwa mazoea. Jeki mbili na saba na tisa? Tupa. Kwenye hold'em jeki mbili mtu hukohoa. Hapa ni mzigo. Sita, saba, nane na tisa zinapendeza macho, na ndizo zinazofilisi watu. Ili zipate mfuatano, mara nyingi mezani lazima zije karata ndogo ndogo, kwa hiyo kuna mtu atachukua chini, na mkono wako wa chini ni mbovu, halafu mfuatano wenyewe mara nyingi unapigwa na mkubwa zaidi. Unagombania nusu kwa karata ambazo si bora upande wowote. Na ukipata karata tatu za namba moja mkononi, mfano mbili, mbili, mbili na ree, usifurahi. Utatumia mbili tu kati ya hizo, na ile ya tatu umejizibia mwenyewe njia ya kuipata mezani.

Jozi mbili nazo ziogope. Karata 4 mkononi zina michanganyiko 6 ya karata mbili mbili za kutumia. Meza ya watu 9 wa hold'em ina michanganyiko 9. Meza ya watu 9 wa Omaha ina 54. Kama mezani kuna nafasi ya flashi, mtu anayo. Kama karata za mezani zimejirudia na fulu hausi (karata tatu za namba moja pamoja na jozi) inawezekana, mtu anayo au anaifuata. Jozi ya ree iliyokulipia kodi ya nyumba kwenye hold'em, huku peke yake haikupi hata nauli ya basi.

Kuna balaa moja ambalo hold'em haina kwa namna hii. Una ree, mbili na kingi mbili. Karata 3 za mwanzo ni tatu, saba na nane. Una mkono bora wa chini, 8-7-3-2-1. Karata ya nne inakuja mbili. Mbili yako imekufa hapohapo. Wewe bado una 8-7-3-2-1, lakini mwenye ree na nne sasa anatumia mbili na tatu na saba za mezani, ana 7-4-3-2-1, anakupita. Ungekuwa na ree, mbili na tatu mkononi, na mezani zikaanza nne, saba na nane, mbili ikija hutikisiki: unatoa ree na tatu, unaokota mbili, nne na saba, na bado wewe ndiwe bora. Ndiyo maana wazee wa meza yako wanaithamini sana ile karata ndogo ya tatu. Ni akiba.

Kuhusu kufukuzia, nakupa hesabu mbili za kubeba. Una ree na mbili na karata mbili kubwa. Karata 3 za mwanzo zikileta ndogo 2 zisizo ree wala mbili, mkono wa chini utautimiza mara 59 hivi kati ya 100. Endelea. Zikileta ndogo moja tu, utautimiza mara 16 kati ya 100. Na mara hizo 16 unafukuzia nusu. Kama huna kingine cha maana upande wa juu, tupa, hata kama dau ni dola 4 na mzee wa pembeni anakuita mwoga.

Kuzuga nako kuache kwenye gari. Kwa dau la kiwango maalumu huwezi kumtisha mtu kwa rundo lote la chipu, unaongeza dola 8 tu, na kwa poti ya dola 100 hakuna mwenye nusu mkono atakayekimbia dola 8. Pale ambapo kuzuga kunafaa ni mmebaki wawili, mezani hakuna uwezekano wa chini, na unajua mwenzako alikuwa anafukuzia chini. Nje ya hapo unawachangia wazee pesa ya supu.

Nirudi hold'em? unauliza. Mimi ningebaki. Hold'em yenyewe California ilikubaliwa kisheria mwishoni mwa miaka ya 1980. Kabla ya hapo vyumba vya Gardena, karibu na Los Angeles, vilijulikana kwa poka ya kubadilisha karata, na baadhi ya wazee unaowaona wamepita michezo yote hiyo. Omaha iliingia Las Vegas mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale Golden Nugget. Mchezaji Robert Turner alimwonyesha Bill Boyd, aliyekuwa msimamizi wa chumba cha poka, na mwanzo wakaiita Nugget Hold'em. Ukiijua hailo umefungua mlango wa michezo mchanganyiko, kama ule wa HORSE, jina lililoundwa kwa herufi za michezo mitano ya poka, na herufi ya pili, O, ni Omaha hailo. Mwaka 2006 mashindano ya dunia kule Las Vegas yaliweka HORSE ya kiingilio cha dola 50,000, akashinda Chip Reese, na wachezaji wengi waliobobea waliiona ndiyo kipimo halisi, kwa kuwa humo hujifichi nyuma ya mchezo mmoja.

Ila kama kinachokufurahisha ni kucheza kila mkono, rudi tu kwa vijana wa hedifoni. Kwenye hailo kazi kubwa ni kutupa, ukiwa na supu yako mkononi, ukisikiliza hadithi za watu waliostaafu.

Mjomba shikamoo. Naandika kutoka Minneapolis. Mume wangu kaacha hold'em, sasa ni hii Omaha ya kugawana. Ananiambia huu mchezo hauli pesa kwa sababu poti inagawanywa, kila mtu anapata kidogo, hakuna anayeumia. Kila Jumamosi anaondoka na dola 200. Sitaki kumpiga vita mtu kwa jambo nisilolijua. Ni kweli anachosema? — Mama wa wawili

Marahaba mwanangu. Kasema nusu ya ukweli, na kwa mchezo huu naona inafaa.

Nusu iliyo kweli ni hii. Hold'em nyingi zinazochezwa sasa hazina kikomo cha dau. Mtu anaweza kusukuma kila alichonacho katika mkono mmoja, na zile 200 zikaenda kabla chai haijapoa. Hailo mara nyingi huchezwa kwa kiwango maalumu. Tuseme ni dola 4 na 8, na kila duru inaruhusu dau moja na kupandisha mara 3. Duru mbili za kwanza haziwezi kumla zaidi ya dola 16 kila moja, na mbili za mwisho 32 kila moja. Jumla 96. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote kwa mkono mmoja, na ni nadra meza ikapandisha mpaka huko. Kwa hiyo jioni inakwenda taratibu zaidi.

Nusu aliyoiacha ni ada ya chumba. Chumba cha karata hakichezi, kinakata chake kwenye kila poti kabla haijagawanywa. Watu wawili wameweka dola 40 kila mmoja, poti 80. Chumba kikikata, tuseme, dola 5, zinabaki 75. Mmoja ana juu, mwingine ana chini, kila mmoja anapata 37 na nusu. Wote wawili wameshinda, wote wawili wametoka na hasara. Kwenye hold'em mshindi mmoja angekata ile 5 kwenye faida yake na wala asiisikie. Kugawana hakuondoi maumivu, kunayasambaza, na kila mara chumba kinapata chake. Mtu anayeridhika na nusu nusu jioni nzima ataona pesa zinapungua na hataweza kukuonyesha ni mkono gani uliomla.

Nisingemuuliza kama mchezo ni mzuri au mbaya. Ningemuuliza maswali mawili. La kwanza, dau ni la kiwango au la ukubwa wa poti? Ipo hailo ambayo unaruhusiwa kuweka dau sawa na poti nzima, na hiyo si ya kwenda nayo taratibu hata kidogo. Akikuambia amehamia huko, zile 200 zihesabu kuwa zimekwenda anapovaa viatu. La pili, akiishiwa hizo 200 anarudi nyumbani au anatafuta mashine ya kutolea pesa? Kama anarudi, basi anatumia pesa ya starehe na hilo ni lenu wawili kukubaliana ni starehe ya bei gani, kama wengine wanavyolipia mpira. Kama kadi ya benki anaondoka nayo, aiache kwako. Mchezaji anayejua anachofanya haoni aibu kuiacha. Kuhusu dini sisemi kitu, mimi nilikulia Tanga kwenye nyumba iliyokataa kamari na mzee wangu alikwenda kaburini hajanikubalia kazi hii. Hilo muulizeni anayestahili kuulizwa.

Hujambo Mjomba. Nafunzwa ugawaji kwenye kasino moja hapa Nairobi. Hold'em naiweza, Omaha ya kawaida naiweza. Kuna wageni wanaoomba hailo kila Alhamisi na meneja anasema wiki mbili zijazo ni zamu yangu. Naogopa kugawanya poti vibaya mbele ya watu. Unafanyaje usichanganyikiwe? — Mgawaji Mwanafunzi, Nairobi

Sijambo, mwanagenzi mwenzangu, na hofu hiyo ni dalili njema. Asiyeogopa ndiye anayesukuma poti upande usio wake.

Anza na karata za mezani kabla hujatazama za mtu yeyote. Jiulize, kuna karata 3 tofauti za 8 kushuka? Tatu, tatu, saba, malkia na kingi: hakuna, kwa sababu tatu mbili ni moja. Sema kwa sauti, "hakuna ya chini", na umejipunguzia kazi nusu, poti yote inakwenda juu. Mbili, mbili, nne, nane na jeki: ipo, kwa sababu mbili, nne na nane ni tatu tofauti.

Kisha soma juu kwanza, kwa wote. Ukishampata mshindi wa juu, sogeza mbele zile karata zake 2 zinazofanya kazi na zile 3 za mezani, kila mtu aone. Zirudishe mahali pake. Ndipo usome chini, nayo kwa wote, pamoja na yule aliyeshinda juu, maana ndiye wanaomsahau wagawaji wapya. Usiguse rundo la chipu mpaka pande zote mbili zimetajwa, na usichukue karata za mshindi mpaka chipu zimefika kwake. Mtu akikuambia "nina chini" huku ameficha karata mbili, mwambie kwa adabu azilaze zote 4. Kama hataki, hana dai.

Kugawanya kwenyewe usihesabu jumla. Tenga chipu kwa thamani, jenga marundo mawili mawili yanayolingana urefu, bega kwa bega, macho ya meza nzima yahakikishe. Vunja mpaka chipu ndogo kabisa inayotumika mezani. Ikibaki moja isiyogawanyika, ni ya juu. Chipu 103: juu 52, chini 51. Kama chini wamefungana wawili, wanapata 26 na 25, na ile moja ya ziada inakwenda kwa aliye karibu zaidi kushoto kwa kitufe cha mgawaji, ile alama inayozunguka mezani kuonyesha zamu ya ugawaji. Kuna poti za pembeni, zile wanazogombania wenye chipu baada ya mwenzao kuishiwa? Kila moja igawanywe peke yake, usizichanganye hata kama washindi ni walewale. Kanuni za nyumba yako zipitie na meneja kabla ya siku hiyo, maana kila kasino ina vijimambo vyake kuhusu chipu ya ziada.

Mazoezi fanyia nyumbani na pakiti moja ya karata. Changanya, funua 5 mezani, na utaje kwa sauti karata 2 ambazo mtu angekuwa nazo akapata chini isiyopigika. Karata mbili za kwanza utakazotaja kwa mazoea zitakuwa ree na mbili, na mara nyingi utakuwa sahihi. Halafu zitafunuka ree, tatu, saba, tisa na kingi. Hapo mwenye ree na mbili hana chini kabisa: ree yake imejirudia, anabaki na ree, mbili, tatu na saba, karata 4 tu. Anayechukua ni mwenye mbili na nne, 7-4-3-2-1. Meza kama hiyo ndiyo inayozua ugomvi, kwa sababu mwenye ree na mbili atakuwa ameshanyoosha mkono kwenye chipu. Rudia mpaka uweze kutaja hizo mbili kabla karata ya mwisho haijatulia mezani, halafu mwambie meneja uko tayari hata Alhamisi hii.